Picha ni ya Nani? Mazungumzo na Waendesha Bodaboda wa Kawetele

Yafuatayo ni maneno yaliyotolewa na timu yetu ya habari na picha katika kata ya Kawetele, mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, siku tuliyowaonyesha waendesha bodaboda, familia zao na viongozi wa eneo hilo picha na filamu fupi zilizopigwa katika vijiwe vyao. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili wasomaji wetu wanaofanya kazi kama hii mahali pengine nao wapate la kujifunza.

  

Tunaanza kwa kushukuru. Tunajua kwamba saa moja ya kukaa hapa ni abiria kadhaa waliopita bila ninyi kuwachukua, na hesabu ya bosi jioni haipungui kwa sababu mlikuwa mkutanoni. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno mengi. Tuna mambo manne. Kwanza, kosa tulilolifanya. Pili, sababu ya kazi yenu kustahili kuwekewa kumbukumbu. Tatu, jinsi wenzetu wa nchi nyingine walivyofanya. Nne, jinsi tulivyofanya hapa Kawetele na tuliyokubaliana. Baada ya hapo tutatazama filamu, na ninyi mtaamua itoke au isitoke.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kijiwe kimojawapo cha hapa aliteleza na pikipiki wakati wa mvua, akavunjika mguu. Tulikwenda kumwona nyumbani kwa mama yake. Tulibeba sukari, sabuni na unga, tukaomba naye. Mmoja wetu alikuwa na kamera. Tukampiga picha akiwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, mguu wenye plasta umenyooshwa mbele, macho yanatazama chini. Hatukumwuliza. Tulimwambia tu, "Kaa hivyo hivyo."

Picha ile tuliiambatanisha na taarifa ya robo mwaka kwa marafiki zetu wa nje. Ilikuwa nzuri kwa macho ya mpiga picha, na marafiki wakaitengenezea kadi ya kuchangisha fedha. Chini yake yaliandikwa maneno ya kuomba msaada kwa kijana maskini wa Afrika. Fedha zilipatikana. Zilinunua kofia ngumu na zikawalipia wengine mafunzo ya udereva na leseni. Hakuna aliyeona ubaya wowote, kwa sababu tulikuwa tukihesabu matunda.

Kisha wageni walikuja, na mmoja wao kwa moyo mwema akagawa kadi hizo baada ya ibada. Moja ilimfikia mama wa kijana. Akaitazama kwa muda mrefu, halafu akatuuliza swali moja: "Huyu mwanangu hana jina?"

Tulikwenda kumwomba radhi yule kijana. Wakati huo alikuwa ameshapona na amerudi barabarani. Hakutufokea. Alisema: "Mlinipiga siku niliyoanguka. Siku zote nilizosimama hamkuja." Kisha akaeleza kwamba tangu aanze kazi alikuwa amepeleka hesabu kila siku, amemlipia mdogo wake mahitaji ya shule na kuezeka nyumba ya mama yake kwa bati. Hayo yote hayakuonekana kwenye kadi. Kilichoonekana ni plasta.

Tuliwaandikia marafiki zetu, nao wakaziharibu kadi zilizobaki. Zilizokwisha kusambazwa hazirudi. Hilo ndilo jambo gumu kuhusu picha. Neno baya unaweza kulitengua mbele ya watu walewale waliolisikia, lakini picha ikishatoka hujui imefika kwa nani. Kijana huyo ametupa ruhusa tuwasimulie habari hii bila kumtaja. Tunamshukuru.

Kwa nini kazi yenu iwekewe kumbukumbu

Huenda mtu akauliza: kama picha zina hatari hivyo, kwa nini tusiache kabisa? Tulijiuliza hivyo. Jibu tulilolipata ni kwamba watu wasiopigwa picha kwa heshima hawabaki bila picha. Hupigwa na wengine, kwa namna nyingine. Picha za bodaboda zinazosambaa kwa simu kila siku ni za namna gani? Ni za ajali. Mtu amelala barabarani, damu inatoka, na kabla mama yake hajapata habari kundi zima la WhatsApp limekwisha kumwona. Ukikusanya picha zote za waendesha bodaboda zinazozunguka, utadhani ni watu wanaoanguka tu, wanaogombana na trafiki au kutuhumiwa wizi.

Ukweli ni mpana zaidi. Jina lenyewe la bodaboda limetoka mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako tangu miaka ya 1960 vijana walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Baiskeli zikafuatwa na pikipiki. Hapa Tanzania pikipiki za bei nafuu kutoka China na India ziliongezeka sana katika miaka ya 2000, na kwa muda kazi hii ilifanyika bila sheria kuitambua. Sheria ilirekebishwa mwaka 2009, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni ya usafirishaji kwa pikipiki za magurudumu mawili na matatu. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usafiri wa nchi kavu uko chini ya LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA katika eneo hilo. Maana yake ni kwamba kazi yenu ina umri, ina historia, na imo ndani ya sheria za nchi.

Na hapa Rungwe ina sura yake ya pekee. Barabara kuu ya lami inatoka Mbeya, inapita Tukuyu na kuteremka Kyela hadi mpaka wa Malawi. Magari makubwa yanabaki kwenye lami. Lakini ndizi, chai, maziwa, parachichi na mgonjwa haviko kwenye lami. Viko kule chini bondeni na kule juu mlimani, ambako mvua ya Rungwe haina msimu wa kupumzika kwa muda mrefu na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Anayefika huko saa nane usiku, mama mjamzito anapolia, ni ninyi. Kazi kama hiyo ikipita bila kumbukumbu, wajukuu wetu watajua habari za mabasi na malori, wasijue nani aliyewafikisha bibi zao hospitali.

Wenzetu walivyofanya

Tulipoanza kujifunza tuligundua kwamba si sisi wa kwanza. Tutataja mifano michache.

Huko Goma, mashariki mwa Kongo, kuna chukudu. Ni kama skuta ya mbao: ubao mrefu, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa vipande vya matairi chakavu, na usukani. Haina injini. Mwendeshaji hupiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu mwingine, na kwenye mteremko huachia uzito wa mzigo umpeleke. Hubeba magunia ya makaa, viazi na kabichi. Wapiga picha wengi wa kigeni wamekwenda kuwapiga watu hao, kwa sababu chukudu inapendeza machoni. Lakini wenyeji wenyewe walifanya jambo kubwa zaidi: katikati ya mji waliweka sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu wa chukudu. Mahali ambapo miji mingine huweka jenerali, Goma imemweka mbeba viazi. Mji ule umepitia moto wa volkano mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na mwezi Januari 2025 ukachukuliwa na waasi wa M23. Katika shida zote hizo watu wa chukudu wamekuwa wakihamisha vyombo vya watu. Picha inayowaonyesha kama kichekesho cha mbao imekosa habari yenyewe.

Jijini Nairobi mpiga picha Mholanzi Jan Hoek alishirikiana na mbunifu wa mavazi Bobbin Case. Waliona kwamba baadhi ya waendesha bodaboda hupamba pikipiki zao ili kuvuta abiria. Mbunifu akawashonea mavazi yanayolingana na mapambo ya pikipiki zao, kisha wakapigwa picha kama watu mashuhuri. Tunachojifunza hapo ni kwamba walianzia kwenye jambo ambalo waendeshaji wenyewe walikuwa wakijivunia.

Marrakech, nchini Morocco, Hassan Hajjaj amewapiga picha wanawake wanaoendesha pikipiki ndogo wakiwa wamevaa majilbabu na vitambaa vya rangi kali. Picha hizo zilionyeshwa New York mwaka 2014. Aliyezoea kufikiri kwamba mwanamke aliyejistiri ni mnyonge alikutana na macho yanayomtazama moja kwa moja, mikono ikiwa kwenye usukani.

Kwa upande wa filamu, Uganda ilitoa mwaka 2015 filamu ya Donald Mugisha iitwayo The Boda Boda Thieves. Inahusu kijana wa Kampala anayeshika pikipiki ya familia baada ya baba yake kuumia, kisha pikipiki inaibwa. Wazo lake lina undugu na filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948 kuhusu baba aliyeibiwa baiskeli ya kazi. Miji miwili na zaidi ya miaka 60 kati yake, na bado jambo ni lilelile: chombo cha kazi kikipotea, nyumba nzima inatikisika. Hakuna kijana hapa anayehitaji kuelezwa hilo.

Mfano wa mwisho ni wa nyumbani kwetu. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Wao na waliowafuata walipiga picha nyingi za nchi hii na watu wake. Sehemu kubwa ilihifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, na nyingi kati ya hizo sasa zinaweza kutazamwa kwa intaneti kupitia chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, Marekani. Tunawashukuru waliozitunza, maana bila wao tusingeona nyuso za mababu zetu. Lakini ukitazama picha za kimisionari za zama zile utaona jambo linaloumiza. Mara nyingi mmisionari ameandikwa kwa jina lake, na aliyesimama pembeni yake ameandikwa "mwalimu", "wanafunzi" au "mwanamke na mtoto". Wajukuu wao wako hapa Rungwe leo na hawawezi kuwatambua.

Katika kitabu cha Mwanzo, Hajiri kwa mabwana zake alikuwa mjakazi tu. Malaika alipomkuta jangwani alimwita kwa jina. Tulipoona kwamba kadi yetu ilikuwa imerudia kosa la miaka 100 iliyopita, tulijua ni lazima tubadilike.

Tulivyofanya Kawetele

Safari hii hatukuja na kamera siku ya kwanza. Tulikuja na karatasi na kalamu, tukakaa vijiweni. Mengi tuliyoyasikia hayakuwa yale tuliyoyatarajia. Tulidhani mtasema habari za ajali. Mlisema habari za hesabu: kwamba pikipiki nyingi si za mwendeshaji, kwamba wengine wako kwenye mkataba wa kulipa kila siku hadi pikipiki iwe yao, na kwamba siku ya mvua kubwa, siku ya msiba na siku ya kuugua zote zinahesabiwa. Mlisema habari za deiwaka, anayeshika pikipiki ya mwenzake kwa saa chache ili naye ale. Mlisema habari za abiria anayefika na kusema, "Nitakulipa kesho."

Kisha vijiwe vilichagua vijana kumi wa kufundishwa kupiga picha na video kwa simu. Yule kijana wa kadi tulimwuliza kama angependa kuonekana kwenye filamu. Akajibu, "Mimi nitapiga, sitapigwa." Tuliheshimu neno hilo. Sura yake haimo, lakini picha kadhaa mtakazoziona leo ni zake.

Mafunzo yalikuwa ya kawaida. Tulijifunza kwamba uso ulio ndani ya kofia ngumu huwa giza, kwa hiyo mwendeshaji afungue kioo na ageukie upande wa mwanga. Tulijifunza kwamba asubuhi yenye ukungu ya Tukuyu hutoa mwanga mzuri wa kupiga uso kuliko jua la mchana. Kwa video, simu ilale badala ya kusimama, na mpigaji ajibane kwenye ukuta au mti ili isitikisike. Injini izimwe wakati wa mahojiano, vinginevyo utarekodi muungurumo tu, na kitambaa chepesi kwenye kinasa sauti hupunguza upepo. La muhimu kuliko yote: asiwepo mtu anayepiga picha huku akiendesha. Hakuna picha yenye thamani ya shingo ya mtu.

Picha zilipoanza kurudi ziligusa mahali ambapo sisi tusingefika. Kuna moja ya mikono tu, iliyokakamaa kwa baridi, imeshika kikombe cha chai kwa mama lishe. Kuna ya ndoo na tambara, kijana anaosha pikipiki kabla ya kumrudishia bosi. Kuna ya mkungu wa ndizi uliofungwa vizuri kiasi kwamba mpiga picha aliita wenzake waje kuona ufundi wa kamba. Aliyekuja na kamera kutoka nje angepiga picha ya mzigo mkubwa. Yeye alipiga picha ya fundo.

Lakini kulitokea pia ugomvi, na hatutauficha. Mmoja wa vijana alileta video ya mwenzake aliyepakia mishikaki: mama mgonjwa katikati, ndugu yake nyuma akimshikilia, wote wanakwenda hospitali. Ilikuwa video ya kweli na yenye nguvu. Nambari ya pikipiki ilionekana, na sura pia. Baadhi yetu tulisema itoke, maana ndiyo ukweli wa kazi. Wengine walisema hiyo ni sawa na kumpeleka mwenzetu kituoni kwa mikono yetu. Wengine wakaongeza kwamba yule mama hakuulizwa, na ugonjwa wake si mali yetu.

Tulibishana siku mbili. Mwisho mwenyekiti wa kijiwe alisema jambo lililotutuliza: "Habari ni yetu, tutaisema kwa mdomo." Video haikutumika. Badala yake, katika filamu mtaona waendeshaji watatu wamekaa, injini zimezimwa, wakieleza kwa sauti zao kwa nini mtu huvunja sheria usiku ambao hakuna gari, na hofu anayokuwa nayo anapofanya hivyo. Hawajitetei, na hawajisifu. Tunaamini maelezo yale yana uzito kuliko video.

Wenye pikipiki nao walikuja. Baadhi hawakufurahi kusikia hesabu ikitajwa. Tuliwapa nafasi ya kusema, na mmoja wao, mama mjane, alieleza kwamba hesabu ya pikipiki moja ndiyo inayolisha nyumba yake. Naye yumo kwenye filamu. Tumejifunza kwamba bosi na dereva mara nyingi ni maskini wawili wanaogawana mkate mmoja.

Tuliyokubaliana

Kutokana na hayo yote tumeandika makubaliano mafupi pamoja na vijiwe. Tunayasoma hapa ili kila mmoja awe shahidi.

1. Kuuliza kabla. Hakuna picha inayopigwa kabla mtu hajaambiwa ni ya nini na itakwenda wapi. Kimya si ruhusa. Mtu aliye na maumivu, aliyelewa au asiyejitambua hawezi kutoa ruhusa, basi hapigwi.

2. Kukataa bila kupoteza kitu. Anayekataa picha anapata kofia ngumu, mafunzo na huduma sawa na anayekubali. Bila hivyo ruhusa ni jina tu, maana mwenye shida atakubali lolote.

3. Jina, au sababu ya kutokuwa na jina. Kila picha inaandikwa jina la mwenye sura kama alivyotaka liandikwe, mahali, tarehe, na jina la aliyepiga. Kama mwenyewe hataki jina lake litajwe, linatunzwa ofisini kwa siri.

4. Ajali. Tukikuta ajali, mikono kwanza. Simu ni ya kuita msaada. Hatupigi mtu aliyeumia wala maiti, na hatusambazi tulizotumiwa.

5. Watoto na abiria. Mtoto hapigwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Abiria ana haki yake mwenyewe, hata kama dereva amekubali.

6. Fedha. Hatununui ruhusa ya mtu. Lakini anayetoa muda wake kwa ajili ya mafunzo au mahojiano anafidiwa mafuta na hesabu ya saa hizo. Picha ikiuzwa, aliyepiga anapata sehemu yake na mfuko wa kijiwe unapata sehemu yake, kwa maandishi.

7. Kuonyesha nyumbani kwanza. Hakuna picha wala filamu inayotoka nje kabla haijaonwa na waliomo. Ndiyo sababu tuko hapa leo.

Makubaliano haya hayakutoka hewani. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tunaokusanya taarifa za watu tuwe na sababu halali na tuzitunze, na sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa zake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mpiga picha, kwa hiyo vijana wetu kumi wajue kwamba picha walizopiga zina mwenyewe. Na kwa yeyote anayetaka kutengeneza filamu ya kuonyesha hadharani, aanze kwa kuuliza habari za kibali Bodi ya Filamu, kabla hajaanza kupiga. Ni afadhali kuchelewa wiki chache kuliko kazi nzima kuzuiwa.

Mwisho

Ndugu zetu, sote tunaijua habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Wawili walimwona mtu aliyejeruhiwa, wakapita upande wa pili. Tumezoea kuwalaumu hao wawili. Lakini siku hizi kuna mtu wa nne, ambaye Luka hakumwona: yule anayesimama, anatoa simu, anapiga picha, kisha anaendelea na safari. Na tunasema kwa aibu kwamba siku ile nje ya nyumba ya mama, pamoja na sukari na sabuni zetu, mtu wa nne tulikuwa sisi.

Msamaria alifanya nini? Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, na akamlipia. Kwa lugha ya Kawetele tungesema alikuwa na usafiri wake, akampakia mgonjwa bure, na gharama akaibeba yeye. Wangapi kati yenu mmefanya hivyo usiku, na asubuhi mkapeleka hesabu pungufu? Hakuna aliyewapiga picha. Mungu aliona, na tunataka na jirani zenu waone.

Tuna maombi matatu. Kwenu waendeshaji: tazameni filamu kwa macho ya ukali. Mahali mnapojiona mmeonewa au mmepambwa kupita kiasi, inueni mkono, tutakata. Kwenu wazazi na wazee: picha za vijana hawa zitachapwa na kuwekwa kwenye albamu itakayobaki hapa Kawetele. Tunaomba mtusaidie kuitunza, msiiache iende ofisini kwetu na kufungiwa kabatini. Kwenu wachungaji: siku nyingine mtakapopata wageni wenye kamera, waulizeni kwanza kama wanajua majina ya watu wanaotaka kuwapiga.

Kwa yule mama aliyetuuliza kama mwanawe hana jina: mama yetu, tunajua umekaa pale nyuma. Analo. Hatukuliandika pale lilipopaswa kuandikwa, na leo halitajwi kwa sababu mwenyewe ametaka hivyo. Lakini kwenye picha alizozipiga lipo, kwa herufi kamili, na utalisoma mwenyewe.

Sasa tunaomba taa zizimwe. Filamu ni ya dakika 18. Baada yake tutapiga kura ya kunyoosha mikono, na mkikataa, haitatoka.